Musimwage Maji

Mafuta yalipofurika na kushika moto, Zuwena hakupiga kelele. Alikuwa amepika sabuni miaka kumi na minane katika ua uleule, nyuma ya soko la Rumonge, na mara mbili kabla ya siku ile mawese yalikuwa yamemwakia namna hiyo. Alijua la kufanya. Alizichomoa kuni zilizokuwa zinawaka chini ya nusu pipa la kupikia, akazisukuma mbali kwa mguu, kisha akageuka kuchukua bati la kufunikia. Bati lilikuwa limeegemezwa ukutani, hatua nane kutoka pale.

Alipofika hatua ya tano, Clever aliingia uani na ndoo.

Clever alikuwa jirani, dereva wa pikipiki wa miaka thelathini na kidogo, mtu wa kukimbilia shida za wenzake bila kuitwa. Alikuwa ameuona moshi tangu barabarani.

"Musimwage maji!" Zuwena alisema kwa nguvu. "Clever, hapana maji! Hii iko mafuta!"

Baadaye Clever aliapa kwamba katika maneno yale yote alisikia moja tu, maji, na maji alikuwa nayo mkononi. Akamwaga ndoo nzima.

Pipa lilitoa sauti kama ng'ombe aliyechinjwa vibaya. Maji yalizama chini ya mafuta, yakageuka mvuke palepale, yakayarusha mafuta juu yakiwa yanawaka. Moto ulisimama mrefu kuliko mchikichi wa jirani. Clever alianguka chali bila nyusi. Kabla hajamaliza kujipapasa uso, paa la kibanda cha sabuni, ambalo lilikuwa la majani na hema kuukuu, lilikuwa linaungua lote, na upepo wa ziwani wa saa zile za mchana ulikuwa unausukuma moto kwenye nyumba.

Zuwena alisimama na bati lake mikononi. Lilikuwa bati dogo la kufunika pipa moja. Sasa lingefunika nini?

Mumewe, Alimasi, alifika mbio kutoka ufukweni, mikono imejaa grisi. Alikuwa fundi wa mota za boti. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa cha akili: alizima swichi kubwa ya umeme barazani. Kitu cha pili, alimtoa binti yao, Latifa, aliyekuwa ameingia kuchukua nguo zake. Baada ya hapo Alimasi hakufanya kitu kingine chochote. Alisimama njiani, mikono kwapani, akitazama dirisha la chumba cha nyuma.

Watu walikuwa wameshajaa. Wengine walikuwa na ndoo, wengine na simu, na kila mmoja alikuwa na neno.

"Tuvunje mulango wa mbele, tutoe vitu!"

"Vitu gani? Tutoboe paa, moshi utoke!"

"Ukitoboa paa umeua nyumba. Moto inakula hewa."

"Basi tuzibe madirisha na udongo."

"Udongo iko wapi?"

Katikati ya kelele hizo alifika Revokatus, mkubwa wa nyumbakumi, ambaye mtaa wote ulimwita sefu, amevaa koti. Mwaka uliopita alikuwa amehudhuria semina ya siku mbili kuhusu majanga, na tangu hapo hakuna mtu mtaani ambaye hakuwa amesikia habari za semina hiyo.

"Kimya!" alisema. "Kwanza tunaunda kamati."

"Sefu, nyumba inaungua," Zuwena alimwambia. Moshi ulikuwa umemharibia sauti. "Nisikilize. Hii nyumba imekwisha, tuiache. Maji yote yapelekwe kwa ukuta wa Marcelina. Watu wanne wapande, wang'oe mabati ya hii baraza inayounganisha nyumba mbili. Tukikata hapo, moto itafia hapa. Na pale nyuma mutu asifungue dirisha."

Revokatus alimtazama kuanzia kilemba hadi miguu iliyojaa majivu. "Mama Latifa, moto umeuwasha wewe. Sasa wewe uliyewasha ndiye utufundishe kuzima?"

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya sana, ni kile cha watu wenye hofu, lakini Zuwena alikisikia mpaka kwenye meno.

"Sefu, mi napika mafuta miaka kumi na minane."

"Na leo umepika nyumba. Kaa pembeni, pole sana. Wanaume wafanye kazi."

Marcelina ndiye pekee aliyesikiliza, kwa sababu ukuta uliotajwa ulikuwa wake. Aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Nyumba ile yeye na mumewe waliijenga tofali kwa tofali baada ya kurudi kutoka uhamishoni Tanzania, na mumewe siku ile alikuwa shambani Kigwena, mbali. Hakuuliza swali. Alichukua beseni lake la samaki, akachota maji kwenye pipa la mvua, akayarusha ukutani. Zuwena akashika beseni la pili. Wanawake watano wakajiunga nao, na kwa muda mfupi ukawa mstari mzuri kutoka kwenye bomba la mtaa.

Haukudumu.

"Maji yaletwe huku!" Revokatus alipaza sauti. "Nyumba inayoungua ni hii, si hiyo! Munaosha ukuta wa nini?"

Nusu ya ndoo zikahamia mbele. Zikamwagwa mlangoni, ambapo hapakuwa na moto bado, wala maji yale hayakufika popote palipokuwa na moto. Matope yakajaa. Mzee mmoja akateleza, akaketi chini, akaanza kulaumu serikali.

Latifa alikuwa na simu sikioni tangu mwanzo. Alikuwa amepata namba ya zimamoto na sasa alikuwa anajibu maswali huku akilia.

"Wanauliza kama nyumba iko ya matofali."

"Waambie iko ya matofali," alisema Revokatus.

"Wanauliza kama ndani iko mutu."

"Hakuna mutu!" Zuwena alijibu kutoka ukutani.

"Wanasema gari iko Bujumbura. Itatoka, ila kwanza wanatafuta esansi ya kuweka ndani."

Watu walitoa mguno mmoja. Esansi, yaani petroli, ilikuwa imeadimika miezi mingi. Pikipiki ya Clever yenyewe ilikuwa imelala siku nne. Kwa Alimasi, neno lile lilipita kama kisu. Aliinamisha kichwa, akakohoa.

Alikuwa na sababu. Chumba cha nyuma, chenye dirisha la mbao upande wa njia, kilikuwa stoo yake. Humo mlikuwa na mota kubwa ya boti ya Hamissi, mfanyabiashara mwenye boti tatu, iliyoletwa kutengenezwa. Na nyuma ya mota, chini ya nyavu kuukuu, mlikuwa na bidoni sita za esansi, lita ishirini kila moja. Zilikuwa za Hamissi pia. Kukutwa na bidoni nyumbani siku zile ilikuwa kesi, kwa hiyo Hamissi alikuwa ameona ni heri zikae kwa fundi. Stoo ya fundi wa mota hunuka esansi siku zote. Nani angeshangaa?

Zuwena alikuwa amewahi kukuta bidoni moja, mwaka uliopita. Alimwambia mumewe: "Moto wangu na esansi yako havilali nyumba moja." Alimasi aliapa. Aliitoa. Kisha Hamissi alikuja na sita, na maneno matamu, na Alimasi akanunua kufuli.

Hamissi mwenyewe alifika sasa, akihema, kanzu ameishika mkononi isiguse matope. Macho ya wanaume wawili yakakutana juu ya vichwa vya watu. Hamissi akatikisa kichwa kidogo sana. Ilimaanisha: nyamaza.

Pembeni yao alikuwa amesimama polisi mmoja, bunduki begani, akiupiga moto picha kwa simu yake.

"Mota yangu iko mu ile chumba," Hamissi alitangaza. "Moto bado haijafika pale. Mutu akiitoa kwa dirisha, elfu hamsini, sasa hivi, mukononi."

Mabishano yakapata uhai mpya. Wengine walisema dirisha livunjwe, wengine walisema mlango. Revokatus alisema semina ilifundisha kuingia watu wawili wawili, na kamba kiunoni. Kamba ikatafutwa. Haikupatikana. Mtu akaleta waya wa kuanikia nguo.

"Mi naingia," alisema Clever.

"Clever, hapana," Zuwena aliita kutoka kwenye ukuta. Aliweka beseni chini, akaja. "Ukifungua ile dirisha, moto itapata njia. Itakufuata ndani. Mota ni chuma. Acha iungue."

"Mama Latifa, mi ndiye nilimwaga maji," Clever alisema. Uso wake bila nyusi ulikuwa kama wa mtoto mchanga, na alikuwa na haya mpaka masikioni. "Niache nitoe hata kitu kimoja. Hata hela sitaki."

"Mimi nimekulaumu? Nani amekulaumu?"

"Mama, usizuie kazi," alisema Revokatus. "Kamati imekubali."

Clever alijifunga blanketi lililolowana. Wanaume wawili wakapiga mbao za dirisha kwa mchi. Ubao mmoja ukavunjika, na moshi mzito wa manjano ukatoka polepole, kama kitu kinachochungulia.

Ndipo Zuwena akamtazama mumewe.

Miaka ishirini na sita alikuwa ameishi na Alimasi. Alimjua kuwa mtu asiyeweza kuona bolti iliyolegea bila kuikaza. Katika msiba, alikuwa wa kwanza kubeba viti. Sasa nyumba yake inaungua, mota ya mteja imo ndani, kijana wa watu anapanda dirishani, naye amesimama mikono kwapani, midomo imekauka, hatazami moto unakowaka. Anatazama pale usipowaka.

"Baba Latifa," alisema. "Iko nini mu ile stoo?"

"Mota."

"Na nini?"

"Mota tu. Na nyavu."

Clever alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya ukingo.

"Baba Latifa! Nakuuliza mbele ya watu. Iko nini mule?"

Hamissi akaingilia. "Mama, wacha maneno ya ndani ya nyumba, sasa si saa yake."

"Sijaongea na wewe." Zuwena alimshika mumewe shati kifuani kwa mikono yote miwili, kitu ambacho hakuwa amewahi kukifanya hata ndani ya nyumba. Grisi na majivu vikachanganyika. "Huyu mutoto wa Consolée anaingia. Mama yake yuko sokoni, hajui. Sema sasa, ao utakuja kumwambia wewe mwenyewe."

Alimasi alitazama polisi. Akamtazama Hamissi. Akamtazama Clever, ambaye sasa alikuwa na kichwa na mabega ndani ya dirisha.

"Esansi," alisema. Sauti haikutoka vizuri.

"Amesema nini?" aliuliza Revokatus.

"Esansi!" Alimasi akapiga kelele, na mara hii sauti ilitoka yote. "Bidoni sita! Clever, toka! Toka, mwanangu, toka!"

Kwa mara ya kwanza tangu saa saba, hakuna aliyebishana. Mstari wa ndoo ulivunjika, kamati ikavunjika, koti la Revokatus likaonekana kwenye kona ya msikiti likiwa linakimbia. Polisi alitangulia. Alimasi peke yake alikimbilia dirishani. Alimvuta Clever kwa miguu, wakaanguka wote wawili kwenye matope, wakainuka, wakakimbia. Walikuwa wamefika kwenye bomba la mtaa chumba kilipolipuka. Mbao za dirisha ziliruka zikapiga ukuta wa upande wa pili wa njia. Mabati ya paa yaliinuka pamoja, yakatulia hewani kama yanafikiri, kisha yakashuka ovyo.

Hakuna aliyekufa. Bi mmoja alichanika paji la uso, na mbuzi wa mtu alipotea mpaka jioni.

Mabati yalipokwisha kuanguka, Zuwena alirudi kwenye ukuta wa Marcelina na beseni lake. Marcelina akamfuata. Clever akaja, akapanda juu ya baraza bila kuambiwa na kuanza kung'oa mabati. Wanaume wengine wakaja mmoja mmoja. Sasa kila mtu alifanya alichosema yule mwanamke saa nzima iliyopita, na hakuna aliyemwambia kwamba ndicho alichosema.

Gari la zimamoto lilifika saa kumi na moja kasoro. Nyumba ilikuwa kuta nne nyeusi zinazofuka. Mkubwa wa wazimamoto, mtu mfupi mwenye macho ya usingizi, aliizunguka mara moja. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa Marcelina, ambao ulikuwa bado una joto na maji.

"Nani alisema ukuta huu umwagiwe? Na hii baraza ikatwe?"

"Sisi," alisema Revokatus, koti limefungwa vifungo vyote. "Kamati."

"Mulifanya vizuri. Bila hiyo leo mtaa mzima ungekwenda."

Marcelina alifungua kinywa. Zuwena akamgusa mkono. "Acha, dada. Nimechoka hata ya kubishana."

"Na nani aliwaambia iko esansi ndani?"

"Mimi," alisema Alimasi.

"Umeokoa watu, mzee."

"Na iko ya nani?" aliuliza polisi, ambaye alikuwa amerudi.

Watu walimtafuta Hamissi kwa macho. Alikuwa hayupo.

"Ilikuwa kwangu," alisema Alimasi. Wakamchukua.

Kesho yake asubuhi Revokatus aliwakusanya majirani, akasoma raporo, taarifa ya moto ule, mbele ya kila mtu. Ilisema moto ulisababishwa na uzembe wa mpishi wa sabuni, na ulidhibitiwa na kamati ya nyumbakumi. Akamletea Zuwena kalamu atie sahihi.

"Andika pia ndoo," alisema Zuwena.

"Ndoo gani?"

"Yangu, sefu," alisema Clever. "Yeye alikataza. Mi nilimwaga."

"Raporo imeshapigwa muhuri," Revokatus alisema kwa upole wa mtu anayeeleza jambo kwa wasiosoma. "Ikishapigwa muhuri hatuongezi ndoo."

"Basi na mimi siongezi jina." Zuwena alimrudishia kalamu, akaenda kuchambua majivu yake.

Hamissi alimkuta pale. Alitoa pole ndefu, akataja msiba, akataja subira, kisha akafika alikokuwa anakwenda: mota yake ilikuwa ya bei kubwa, naye aliikabidhi kwa fundi ikiwa nzima.

"Kweli," alisema Zuwena bila kuinuka. "Twende wote polisi, ueleze mota ilikuwa inalala na nini, na nani alileta. Nifunge kilemba tu, tunakwenda."

Hamissi alikumbuka kwamba alikuwa na boti ya kupokea.

Mchana Zuwena alimpelekea Alimasi chakula kituoni. Alimasi alikula akiwa ameinama. Alionekana mdogo ndani ya shati lilelile.

"Niliogopa," alisema.

"Polisi?"

"Polisi. Hamissi. Lakini zaidi wewe. Nilikuapia."

Zuwena alitaka kumwambia maneno makali aliyokuwa ameyapanga njia nzima. Yalikuwa mengi, na mazuri.

"Uliniogopa mimi," alisema hatimaye, "ukaona heri Clever aungue?"

Alimasi aliacha kula.

"Maliza. Marcelina ndiye alipika, na sahani iko yake."

Walimwachia siku ya tatu, baada ya faini. Jioni hiyo, mtu na mkewe walikuwa wanabeba mabati yaliyosalia kupeleka kwa Marcelina, ambaye alikuwa amewapa chumba kimoja. Bati moja, Zuwena mbele, Alimasi nyuma. Walipopita kwenye maegesho ya pikipiki, wanaume kumi na watano walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zisizo na esansi, na mazungumzo yalikuwa yaleyale.

"Mi nilisema tangu mwanzo, paa itobolewe."

"Wewe ulisema udongo!"

"Kosa lilikuwa la maji kidogo. Kama Clever angekuwa na ndoo tatu…"

Alimasi alisimama ghafla. Bati likamvuta Zuwena mabega.

"Musikilize," Alimasi alisema. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu, na shingo yake ilikuwa imetoa mishipa. "Mama Latifa alisema maji yasimwagwe. Alisema ukuta, alisema baraza, alisema dirisha lisifunguliwe. Yote. Mulimcheka. Mimi nilikuwa nasikia, na najua anajua, na nilikuwa na yangu ya kuficha, nikanyamaza. Mungu anisamehe. Ile kamati ni uongo."

Wanaume walitazama chini. Mmoja alianza kukwangua matope kwenye tairi kwa kijiti.

"Umechelewa siku tatu," Zuwena alisema bila kugeuka. "Na bati iko nzito. Twende."

"Mama Latifa." Alikuwa Clever. Alikuwa ameinuka, uso wake ukiwa umepakwa dawa ya njano. "Samahani. Ile siku, kama ningekusikia vizuri… ungetaka nifanye nini? Mi bado sijui. Hapa hakuna hata mmoja anajua, tunapiga kelele tu."

Zuwena alisimama. Alikuwa na njaa, mabati yalikuwa bado manane, na magharibi ilikuwa inakaribia. Alitazama zile nyuso kumi na tano zilizokuwa zimemgeukia, zimenyamaza kweli. Akateremsha upande wake wa bati. Alimasi naye akateremsha wake.

"Sikilizeni basi," alisema, "na musinikate maneno. Mafuta ikishika moto, kitu cha kwanza…"

"Lakini mama," alisema mmoja kutoka nyuma, "kama iko moto ya umeme?"

"Nimesema musinikate!"